UZI: Tumeahidiwa maktaba ya umma. Tuijenge kiwanja kipi, na jengo liweje?

Kibaraza (mleta uzi)

Wakuu, habari za wikiendi.

Mji wetu, ambao sitautaja ila wenyeji watautambua, umeahidiwa fedha za kujenga maktaba ya umma. Tulicho nacho sasa ni chumba kimoja nyuma ya ofisi za zamani za elimu: kabati la vioo lenye kufuli, ufunguo anao mtumishi aliyekwishahamishwa, meza mbili na magazeti ya mwezi uliopita. Wananchi kadhaa tumeingizwa kwenye kamati ya kupendekeza kiwanja na kutoa maoni kabla msanifu majengo hajashika kalamu. Hiyo "kabla" ndiyo iliyonifanya nikubali, maana huku kwetu tumezoea kuitwa kutoa maoni siku ya kuweka jiwe la msingi.

Viwanja ni vitatu.

Cha kwanza kiko kule juu, ubavuni mwa makao makuu mapya ya halmashauri. Ekari mbili, kimepimwa, hakina mgogoro, upepo mwanana. Ila ni kilometa tano kutoka mjini, na bajaji zinapanda huko asubuhi na jioni tu, watumishi wanapoingia na kutoka.

Cha pili ni stendi ya zamani, mkabala na soko. Nusu ekari kasoro, mali ya halmashauri, juu yake kuna bohari chakavu. Kelele, vumbi, na madalali wameshaanza kukitolea macho.

Cha tatu kiko bondeni, katikati ya sekondari mbili. Tambarare, kina miembe mikubwa, kijito kinapita nyuma. Ukikiona lazima ukipende.

Wajumbe wengi wanataka cha kwanza, kwa sababu ya hadhi. Mmoja ameshaleta picha ya jengo la vioo kutoka mtandaoni. Mimi moyo wangu uko stendi, lakini "moyo wangu" si hoja ya kupeleka kwenye kikao. Nipeni hoja, hata za kunipinga.

Mtaa wa Tatu

Maktaba zama hizi? Mtoto ana kila kitu kwenye simu. Jengeni vyoo vya stendi kwanza.

Kinyozi Stendi

Mkuu Mtaa wa Tatu, simu ya nani hiyo? Mimi kibanda changu cha kunyolea kiko hapa hapa stendi ya zamani. Sekondari zikitoa watoto saa tisa na nusu, wale wa vijijini wanasubiri Hiace ijae, na ya mwisho inaondoka kwenye saa kumi na mbili. Muda wote huo wamekaa kwenye ngazi za duka la vifaa vya ujenzi. Wanafukuzwa, wanarudi. Wengine wanafungulia madaftari magotini. Simu anayo mmoja katika kundi zima, wote wameiinamia hiyo hiyo, bando likikata wanatawanyika. Mkiipeleka maktaba kule juu, hakuna hata mmoja wa hawa atakayepanda bajaji kwenda kusoma. Nauli aliyonayo ni ya kurudia nyumbani.

Vyoo wekeni ndani ya maktaba, vitatumika tu.

Mkutubi Mstaafu

Marahaba kwa watakaonisalimia. Nilisoma ukutubi Bagamoyo na nikaufanyia kazi mpaka nikastaafu, katika maktaba za mikoa zaidi ya moja. Niseme niliyoyaona kwa macho, mengine mtayapata kwa wahandisi.

Jueni kwanza mnamjengea nani. Katika maktaba zetu wengi wanaoingia hawaji kuazima kitabu. Wanakuja na madaftari yao, wanachotafuta ni kiti, meza, mwanga na mahali ambapo hakuna mtu wa kuwatuma dukani. Ikifika Oktoba, kidato cha nne wakikaribia mtihani, kiti kinagombewa kuanzia mlango unapofunguliwa. Baadhi ya wakutubi wenzangu walikuwa wanalichukia hilo, wanasema maktaba imegeuzwa darasa. Mimi nililipenda, nikawa napigania viti.

Miongozo ya IFLA, lile shirikisho la kimataifa la maktaba, inataja vitabu 1.5 hadi 2.5 kwa kila mkazi. Mji wenye watu 60,000 uwe na vitabu 90,000 kwa uchache. Mwaka wa kwanza hamtavipata, wala wa kumi. Msijenge ukumbi wa rafu tupu mkawaacha watu wamesimama. Msomaji mmoja mezani, ukihesabu na nafasi ya mtu kupita nyuma ya kiti chake, anahitaji karibu mita za mraba mbili na nusu. Viti 120 ni mita za mraba 300 kabla hujaweka rafu hata moja. Hesabu hiyo ipelekwe kwa msanifu ikiwa imeandikwa, vinginevyo atawachorea ukumbi mzuri wa mapokezi.

Halafu kuna mambo madogo yanayoua maktaba. Mabegi: hakuna maktaba ya umma huku kwetu isiyowaachisha watu mabegi mlangoni, lakini ramani nyingi hazina mahali pa mabegi, basi yanarundikwa chini kwenye njia. Choo: kikiwa nje, msomaji akitoka anakuta kiti kimeshachukuliwa na ugomvi umeanza. Mlango: uwe mmoja wa wasomaji, mbele ya meza ya mkutubi, na wa dharura uwe unafunguka kutokea ndani tu. Mkiweka milango mitatu mtahitaji walinzi watatu, na mshahara wa mlinzi haumo kwenye fedha za ujenzi.

Mvua na bati. Kuna maktaba niliyofanyia kazi, bati lilikuwa tupu, dari ni hadibodi nyembamba. Masika yakianza ulikuwa huwezi hata kumwambia mtu "kitabu chako kimechelewa", mnaandikiana kwenye karatasi. Upande wa magharibi kulikuwa na madirisha mapana, vitabu vya rafu ile migongo yote ilikuwa imebaki rangi moja, kijivu cha kufifia, hujui kipi ni historia kipi ni kemia. Jua la saa kumi lilikuwa linaingia mpaka katikati ya meza, na wasomaji wanasogeza viti kidogo kidogo kulikimbia, mpaka kufikia saa kumi na moja wamebanana wote ukuta wa mashariki. Kwenye meza ya magazeti tuliweka mawe, kwa sababu feni ilikuwa inayapeperusha. Mtu aliyechora jengo lile hakuwahi kukaa ndani yake alasiri.

Msomaji wa Jioni

Mzee wangu shikamoo. Umesahau saa. Maktaba inafungwa wakati mimi natoka kazini. Jua huku linazama kwenye saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kwa hiyo maktaba ya wafanyakazi ni maktaba ya taa. Taa maana yake umeme, na usalama wa kurudi nyumbani saa mbili usiku. Stendi usiku kuna watu, taa na bodaboda. Kule juu saa moja ni mbwa tu.

FundiZege

Mleta uzi, hoja za kihandisi.

Bondeni sahau, hata kama pana miembe ya peponi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Pima kutoka ukingo wa kijito uone kinachobaki. Halafu maji na vitabu ni maadui. Novemba 1966 mto Arno ulifurika mjini Florence, Italia, ukaingia Maktaba Kuu ya Taifa na kuharibu vitabu na nyaraka zaidi ya milioni moja. Maktaba ilikuwa kando ya mto, na hazina kubwa ilikuwa chini. Wenzetu wakaja kukausha kurasa moja moja kwa miaka. Huku kwetu hakuna wa kukausha.

Uzito. Watu hudhani vitabu ni karatasi tu. Rafu moja ya sentimita 90 inabeba vitabu 30 hivi, karibu kilo 25 hadi 30. Panga rafu sita kwenda juu, pande mbili, halafu weka mistari kumi. Kwa viwango vya Marekani, sakafu ya ofisi inasanifiwa kubeba kama kilo 240 kwa kila mita ya mraba, sakafu ya rafu za vitabu kama kilo 730. Mara tatu. Hii maana yake jengo la ofisi huwezi kuligeuza maktaba hivi hivi, na kama mnataka ghorofa, vitabu vikae chini na viti viende juu. Mtasikia hadithi ya chuo fulani ambacho maktaba yake inazama kila mwaka kwa sababu msanifu alisahau uzito wa vitabu. Kila nchi ina chuo chake katika hadithi hiyo, ni porojo. Ila rafu za mbao laini zinazopinda kama upinde nimeziona mwenyewe.

Jua. Tanzania nzima iko kati ya nyuzi 1 na 12 kusini mwa Ikweta. Jua la mchana liko juu ya utosi, linazuilika kwa paa lililotoka nje mita moja na nusu. Linalosumbua ni la asubuhi na la jioni, linakuja limelala, hakuna kibaraza kinacholizuia. Jengo refu lilazwe mashariki kwenda magharibi, madirisha yawe kaskazini na kusini, kuta za mashariki na magharibi ziwe butu au ziwe za stoo na vyoo. Hiyo haiongezi hata shilingi kwenye bajeti, ni kugeuza ramani tu. Waulize kamati, kiwanja cha kule juu kinatazama wapi? Kama barabara inalazimisha uso wa jengo utazame magharibi, huo ndio ugomvi wa kwanza na msanifu.

Na dawa ya mchwa iwekwe kabla ya kumwaga jamvi, yaani zege la sakafu. Wakishaingia kwenye vitabu mmechelewa.

Hadhi Kwanza

Naona wote mmeungana kuikandia hadhi. Mimi ni mmoja wa wanaotaka kule juu na sioni aibu. Mji ukiwa na jengo la maana watu wanajivunia. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2018 ilifunguliwa maktaba yenye uwezo wa kuketisha watu 2,100 na kuweka vitabu 800,000. Kila anayefika anapiga picha. Kwa nini sisi tujenge kibanda katikati ya nyanya na makondakta?

Mkutubi Mstaafu

Ndugu Hadhi, ile ni maktaba ya chuo. Wasomaji wake wanalala pale pale kampasi, wanaifikia kwa miguu. Ulinganishe na Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam, barabara ya Bibi Titi Mohamed, aliyoifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Hawakuipeleka pembezoni. Waliiweka mahali ambapo mtu wa Posta anafika kwa miguu, na mtu wa Kariakoo pia. Na hadhi haikupungua.

FundiZege

Na hilo la vioo, Mkuu Hadhi, hata wenye fedha liliwatoa jasho. Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, pale Paris, imejengwa minara minne ya vioo, msanifu Dominique Perrault, ikafunguliwa miaka ya tisini. Vitabu viliwekwa kwenye minara, wasomaji wakawekwa chini. Wataalamu walipiga kelele kwamba jua litavila vitabu, ikabidi nyuma ya vioo ziwekwe mbao za kuzuia mwanga. Yaani walilipia vioo, kisha wakalipia mbao za kuvifunika. Na Paris jua lenyewe ni la kuomba. Huku kwetu jengo la vioo ni gari lililofungwa madirisha juani, bila viyoyozi hamkai.

Mhasibu Kimya

Na viyoyozi ndio mwanzo wa msiba. Vikiwaka mchana na kuzimwa usiku kubana umeme wa LUKU, unyevu unapanda, asubuhi kuna ukungu kwenye majalada. Kuvu anapenda hewa yenye unyevu zaidi ya asilimia 65, na hewa iliyofungiwa.

Mimi ningeanza na swali hili: ni nani atalipa mwaka wa tatu? Fedha za ujenzi zina mfadhili, zina utepe wa kukata. Fedha za umeme, mlinzi, mfagizi, magazeti na vitabu vipya hazina utepe. Birmingham, Uingereza, walifungua maktaba mpya Septemba 2013 kwa karibu pauni milioni 189. Jengo la kifahari. Mwaka 2015 saa za kufungua zikakatwa kutoka 73 kwa wiki mpaka 40 kwa sababu halmashauri haikuwa na fedha za kuliendesha. Huo ni mji wa pili kwa ukubwa Uingereza. Sisi wenye chanzo kikuu cha mapato cha ushuru wa mazao tujipime.

Kamati ipitishe azimio la maandishi kwamba msanifu alete gharama ya ujenzi na gharama ya mwaka ya kuendesha, zote mbili kwenye karatasi moja. Asipoleta ya pili, ya kwanza isisomwe.

Ughaibuni Kaskazini

Nawasoma kutoka Helsinki, nimeishi huku miaka mingi. Hapa kuna maktaba inaitwa Oodi, ilifunguliwa tarehe 5 Desemba 2018. Iligharimu euro milioni 98, hilo mliweke kando, si la kuigwa. La kuigwa ni kiwanja. Wameiweka mkabala kabisa na Bunge, hatua chache kutoka stesheni kuu ya treni. Kiwanja kile wawekezaji wa mahoteli wangekilipia fedha za kutisha. Serikali ya jiji ikasema hapa patakaa maktaba. Ukitoka kwenye treni na mvua inanyesha, unaingia tu. Hakuna anayekuuliza unatafuta nini.

Kiwanja kilikuwa na shida yake: chini yake jiji lilikuwa limetenga njia ya handaki la magari siku za usoni, kwa hiyo hawakuweza kushusha nguzo popote wanapotaka. Wakalijenga jengo kama daraja, juu ya matao mawili ya chuma yenye urefu unaozidi mita 100. Kwa hiyo mtu akikwambia kiwanja cha katikati ya mji kina matatizo, mwambie ndiyo, ndiyo maana kuna wahandisi.

Ndani: chini ni ukumbi na mgahawa, ghorofa ya kati ni vyerehani, mashine za kuchapa, studio, vyumba vya mikutano. Vitabu kama 100,000 viko juu kabisa, kwenye mwanga. Nimewaona wakina mama wa Kisomali wakishona pale huku watoto wao wako juu wanasoma. Kwenu hapo stendi mafundi cherehani wapo tayari, sijui kama wanahitaji hilo, lakini mashine ya kuchapa na kutoa nakala nina hakika itahitajika.

Mwana Eastlands

Ndugu wa Bongo, hamjambo? Niwape ya Nairobi. Sisi tuna McMillan Memorial katikati ya jiji, karibu na msikiti wa Jamia. Ilifunguliwa 1931, nguzo kubwa kubwa mbele, simba wawili wa mawe mlangoni, ngazi ndefu. Enzi za mkoloni ilikuwa ya Wazungu pekee. Baadaye mlango ukafunguliwa kwa kila mtu, lakini jengo lenyewe bado linakutazama kama linakuuliza umefuata nini. Kuna wazee wamefanya biashara miaka mingi pale nje na hawajawahi kupanda zile ngazi.

Sasa linganisha na maktaba zake ndogo za Eastlands, Kaloleni na Makadara. Ziko ndani ya mtaa, katikati ya nyumba za watu. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, lilishirikiana na kaunti kuzikarabati, na kabla ya kugusa ukuta walienda kuuliza wakazi wanataka nini. Nikiwa na fedha ya jengo moja kubwa kule juu au vijumba viwili mtaani, mimi nachukua vijumba. Na kwa sheria yetu mambo haya yako kwa kaunti tangu Katiba ya 2010, kwa hivyo tunajua wa kumlaumu.

Mama Pacha

Ngazi zimetajwa, nami niseme. Mmoja wa wanangu anatumia kiti cha magurudumu. Msiniambie "tutaweka njia ya walemavu" halafu mnaweka mteremko ambao hata mwanaume mzima anausukuma kwa kuguna. Mteremko uwe 1 kwa 12: kwa kila sentimita moja ya kupanda, sentimita 12 za kwenda mbele. Ngazi nne tu za sentimita 15 zinadai mteremko wa zaidi ya mita saba, na mita saba kwenye kiwanja cha nusu ekari lazima zipangwe mapema. Au sakafu iwe karibu na usawa wa ardhi, na maji ya mvua yazuiwe kwa mtaro. Mlango sentimita 90. Kati ya rafu na rafu pia 90, sikubali pungufu. Choo nacho kiti kiingie na kigeuke, mlango ufungwe.

Pia rafu za watoto zisizidi kimo cha mtoto. Mwanangu anataka kuchukua kitabu mwenyewe, hataki kuchukuliwa.

Hadhi Kwanza

Dada Mama Pacha hapo nimenyamaza. Ila swali langu la kelele hakuna aliyelijibu. Makondakta, honi, spika za wauza dawa za panya. FundiZege anataka madirisha wazi kwa ajili ya upepo. Ukifungua, kelele zinaingia. Ukifunga, watu wanaiva. Stendi inashindwa hapo.

FundiZege

Hilo ni swali la haki kabisa, na ndilo gumu kuliko yote kwenye uzi huu. Hewa na sauti vinapita tundu moja. Ukuta mzito wa upande wa barabara unasaidia, miti inasaidia zaidi kwa vumbi kuliko kwa sauti. Unaweza kuweka stoo, vyoo, ofisi na chumba cha watoto (ambao nao wana kelele zao) upande wa stendi, chumba cha kusomea kikawa nyuma. Lakini bado kinahitaji kupumua, kinapumulia wapi?

Mpwani

Kinapumulia uani. Wakuu, mnatafuta Paris na Helsinki jibu ambalo wahenga wa pwani walikuwa nalo. Nendeni Mji Mkongwe Unguja, nendeni Lamu. Nyumba ya zamani ya Lamu mtaani inakupa ukuta mnene wa mawe ya matumbawe, karibu hauna dirisha. Mlangoni kuna daka lenye viti vya kujengea pande mbili, hapo ndipo mgeni na mpita njia wanapumzika bila kuingia. Ukivuka daka unaingia tekani, hapo njia inapinda, kwa hiyo aliye nje haoni ndani na sauti haiingii moja kwa moja. Halafu unatokea kiwanda, ua ulio wazi juu, na vyumba vyote vinavuta mwanga na hewa kutoka hapo. Uchochoro nje una punda na wachukuzi na watoto, ndani kuna kimya.

Stendi yenu fanyeni hivyo hivyo. Ukuta mnene upande wa magari. Daka kubwa lenye baraza la kukaa, wale watoto wa Kinyozi wasubirie Hiace hapo kwenye kivuli, ukuta wa baraza ubandikwe magazeti. Atakayechoka kukaa nje ataingia. Katikati ua wenye mti mmoja, vyumba vya kusomea viuzunguke, madirisha makubwa yatazame uani. Mwembe mmoja wa bondeni uje hapa kama mche. Kuta za ndani ziachwe na vidaka vya kuwekea vitabu, si lazima kila rafu iwe ya kununua.

FundiZege

Mpwani, umetisha. Ukuta wa sentimita 40 upande wa barabara nautetea mbele ya mkaguzi yeyote. Nusu ekari inatosha ua wa mita 12 kwa 12 na bado nafasi inabaki. Angalizo: nguzo na msingi zisanifiwe kubeba ghorofa moja ya ziada tangu siku ya kwanza, kiwanja hakitaongezeka.

Mrundi wa Kaskazini

Amahoro. Kwetu Muyinga, Burundi, kuna maktaba ndogo iliyojengwa 2012, wasanifu walikuwa BC Architects kutoka Ubelgiji, ni sehemu ya shule ya watoto viziwi. Kuta ni tofali za udongo zilizoshindiliwa kwa mashine ya mkono, udongo wa hapo hapo. Tofali zimepangwa zikaachiwa matundu, hewa inapita hata milango ikifungwa. Paa la vigae vya kuchoma, mvua haipigi ngoma kama kwenye bati. Mbele kuna kibaraza kirefu kinachotazama njia. Ila cha watoto ndicho nakipenda: wavu wa kamba za mkonge umetandazwa juu kama machela kubwa, wanapanda wanalala wakisoma. Mkonge Tanzania mnao, Tanga yote.

Mtaa wa Tatu

Huo wavu wa mkonge hata mimi naingia.

Mhasibu Kimya

Tofali za udongo na saruji kidogo, mashine inaendeshwa kwa mkono, vijana wa mtaa wanafyatua. Fedha inabaki mjini. Ila mzabuni mkubwa hatazipenda, kwa hiyo ziandikwe kwenye mchanganuo wa gharama kabla ya tangazo la zabuni. Zikiachwa "kwa makubaliano" mtaletewa tofali za saruji na vioo.

Mkutubi Mstaafu

Nimefurahi. Nyongeza mbili tu. Ongeeni na Bodi ya Huduma za Maktaba mapema, kabla ya ramani, kwa sababu wao ndio wenye wataalamu, na mkutubi wenu aajiriwe kabla jengo halijaisha ili aikague ramani. Nimeona maktaba ambayo mkutubi wa kwanza alipofika alikuta meza yake imejengewa mahali asipoona nusu ya ukumbi. Ilivunjwa ikajengwa upya.

Pili, chumba cha watoto kiwe na mlango wake kutokea uani, si kupitia ukumbi wa wakubwa.

Kibaraza

Wakuu, nimechukua kila kitu. Kikao ni wiki ijayo. Ninachopeleka: stendi iwe pendekezo la kwanza, kule juu la pili kwa sharti la usafiri wa kutwa, bondeni itolewe kabisa kwa sheria ya mita 60. Hadidu za rejea za msanifu zitataja viti 120, ua wa ndani, daka lenye baraza, mteremko wa 1 kwa 12, mahali pa mabegi, vyoo ndani, msingi wa ghorofa moja ya ziada, na gharama ya mwaka. Hati ya kiwanja tumeomba ofisi ya ardhi iandike matumizi "maktaba ya umma", ili dalali akija akute kimeshaandikwa.

Hadhi Kwanza amenitumia ujumbe pembeni kwamba atauunga mkono ua ila anataka mnara wa saa mlangoni. Sina tatizo na saa. Stendi ile haina saa.

Kinachopungua ni takwimu. Kamati itauliza watu wangapi hasa wanapita pale. FundiZege, na shimo la kupima udongo tuchimbe wapi?

FundiZege

Mashimo matatu, si moja: kona mbili za mwinuko tofauti na moja chini ya bohari, maana huko kunaweza kuwa na kifusi cha zamani. Kwa ukaguzi wa awali chimbeni mita mbili, maabara itasema kama iende zaidi. Bohari isivunjwe kwanza, bati na mbao zake mtazihitaji kwa kambi ya mafundi.

Kinyozi Stendi

Kuhesabu watu msije asubuhi, mtadanganyika na wa sokoni. Njooni siku ya shule kuanzia saa tisa na nusu, na Jumamosi moja. Viti na kivuli natoa mimi, karatasi na kalamu mje nazo.